Sataranji ya barua haijafa, na kuanzia pembeni si woga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua za wasomaji nijibu hoja mbili zilizotolewa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa michezo. Mwandishi wenu alisema kwamba sataranji inayochezwa kwa barua imekwisha kuzikwa na kompyuta. Kisha, kana kwamba mazishi hayo hayakutosha, akaongeza kwamba mchezaji anayefungua mchezo kwa kumsogeza askari wa pembeni badala ya wale wawili wa katikati ni mtu anayekwepa vita. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimecheza sataranji ya barua tangu enzi za stempu na postikadi, na nikishika kete nyeupe hatua yangu ya kwanza karibu siku zote ni kumpeleka askari wa safu ya c (ya tatu kutoka kushoto kati ya safu nane, a hadi h) nyumba mbili mbele. Hoja zote mbili zimenihusu moja kwa moja, lakini nitazijibu kwa mambo yanayojulikana na si kwa hasira.

Nianze na hadhi ya mchezo wenyewe, maana makala ile iliutaja kama burudani ya wazee wasio na shughuli (mzee mmoja nakiri, shughuli ninazo). Kati ya mwaka 1824 na 1828 klabu ya Edinburgh ilipambana na klabu ya London kwa barua zilizosafirishwa kwa magari ya farasi, na Edinburgh ikashinda. Ufunguzi uliotumika katika mpambano huo hadi leo unaitwa wa Kiskoti. Miaka michache baadaye, kuanzia 1834 hadi 1836, Paris iliipiga London kwa njia hiyohiyo, na jibu walilolitumia Waparisi ndilo ambalo kila mwanafunzi wa sataranji analijua kwa jina la Ulinzi wa Kifaransa. Kijana anayecheza ulinzi huo kwenye simu yake akiwa ndani ya daladala anatumia mali iliyoachwa na wacheza barua.

Mfano unaonifaa zaidi ni wa mwaka 1872, ambapo klabu ya jiji la London ilianza mpambano wa barua wa michezo miwili dhidi ya Vienna, na mpambano ukamalizika mwaka 1874. Upande wa London mawazo makuu yalitoka kwa William Norwood Potter na Wilhelm Steinitz, yule Steinitz ambaye mwaka 1886 alikuja kuwa bingwa rasmi wa kwanza wa dunia. London ilipocheza na kete nyeupe haikumsogeza askari wa mfalme, yaani aliye mbele ya mfalme, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile za mashambulizi ya papo kwa papo, bali ilimsogeza askari wa c hadi c4, yaani mstari wa nne wa safu hiyo. Ufunguzi huo huitwa wa Kiingereza, kwa sababu Mwingereza Howard Staunton aliutumia mjini Paris mwaka 1843 katika mpambano wake na Mfaransa Saint-Amant. Mpambano wa London na Vienna ulimalizika kwa London kushinda mchezo mmoja na mwingine kutoka sare. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba watu hao hawakuwa na saa ya kuwakimbiza, walikuwa na siku nyingi za kuitafakari kila hatua, heshima ya miji yao ilikuwa mezani, na bado waliona kwamba njia nzuri ya kuanza ni ile ya pembeni. Mtu anayekwepa vita hafanyi hivyo kwa miaka miwili mfululizo.

Sasa nieleze kwa nini, maana mwandishi wenu alihukumu bila kueleza. Ubao una nyumba nne za katikati, yaani d4, e4, d5 na e5, na anayezitawala ndiye anayeamua mchezo uelekee wapi. Njia ya kawaida ni kuziingia nyumba hizo kwa askari tangu hatua ya kwanza. Anayeanza kwa c4 anafanya jambo lingine: askari wake hakai katikati lakini anailenga d5, kisha farasi anakwenda c3, naye anailenga d5, halafu askari wa g anapiga hatua moja ili askofu wa upande wa mfalme apate kukaa g2, na kutoka hapo askofu huyo anautazama mshazari mrefu unaopita e4, d5 na c6 mpaka b7 na a8. Kete tatu zimekwisha kuelekezwa kwenye nyumba moja ya katikati bila hata moja kuikanyaga, na kwa hiyo mpinzani hana cha kukishambulia mapema. Wapenzi wa kandanda wataelewa mara moja: winga anayeshuka na mpira kandokando ya chaki hajaacha kulitafuta goli.

Wazo hili lilipata nguvu mpya katika miaka ya 1920, na hasa kwenye mashindano ya New York ya mwaka 1924, ambapo Richard Réti alimshinda bingwa wa dunia José Raúl Capablanca baada ya kuanza kwa kumtoa farasi hadi f3 na kuwapanga maaskofu wake pembeni. Capablanca alikuwa hajapoteza mchezo rasmi kwa miaka minane. Katika mashindano hayohayo Savielly Tartakower alithubutu kuanza kwa kumpeleka askari wa b hadi b4, akaupa ufunguzi huo jina la orangutan baada ya wachezaji kulitembelea bustani la wanyama la Bronx. Géza Maróczy, aliyekuwa mpinzani wake siku hiyo, alimshinda, lakini ufunguzi ule bado unachezwa. Na ili nisionekane natetea kila kitu, niseme wazi kwamba pembeni napo pana mashimo. Mwaka 1970 mjini Belgrade, Bent Larsen wa Denmark alianza kwa kumsogeza askari wa b nyumba moja dhidi ya Boris Spassky, bingwa wa dunia wa wakati huo, akachelewa kumweka mfalme wake mahali salama, na katika hatua 17 tu akasalimu amri. Kosa halikuwa pale alipoanzia. Alisahau kwamba mpinzani aliyeachiwa katikati ataitumia.

Jambo jingine ambalo makala haikuligusa ni kwamba ufunguzi wa pembeni huficha nia. Mmarekani Bobby Fischer, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa kumsogeza askari wa mfalme, aliushangaza ulimwengu katika mchezo wa sita wa mpambano wake na Spassky mjini Reykjavík mwaka 1972 alipoanza kwa c4; hatua chache baadaye mchezo ulikuwa umegeuka kuwa Gambiti ya Malkia, ufunguzi wa askari wa katikati, na Fischer akacheza kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba Spassky mwenyewe aliungana na watazamaji kumpigia makofi. Hatua moja ya pembeni huacha milango kadhaa wazi, na mpinzani analazimika kuilinda yote kabla ya kujua ni upi utakaotumika.

Nieleze sasa mchezo wenyewe wa barua unavyokwenda, kwa sababu naamini wasomaji wengi, hasa vijana, hawajawahi kuuona. Wapinzani wa mbali hawawezi kutegemea herufi za majina ya kete, kwa kuwa kila lugha ina majina yake. Kwa hiyo wacheza barua wa kimataifa huandika kwa tarakimu. Safu nane zinahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe, na mistari 1 hadi 8 kutoka kwake kwenda mbele, kiasi kwamba kila nyumba ina tarakimu mbili na kila hatua ina tarakimu nne: kete ilipotoka, na ilipokwenda. Askari wa c akitoka c2 kwenda c4 unaandika 3234, wala hakuna haja ya kumtaja. Jibu la mwenye nyeusi la kumpeleka askari wa mfalme e5 linaandikwa 5755.

Mimi na rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Unguja anayeishi Muscat, tunacheza kwa utaratibu huo. Postikadi yake ina mstari wa hatua yangu ya mwisho, ambayo lazima airudie ili kusiwe na ubishi. Kisha hatua yake. Kisha tarehe ya muhuri wa posta, tarehe aliyoipokea kadi yangu kwenye sanduku lake la barua, na tarehe aliyojibu. Kwa kanuni za zamani mchezaji alikuwa na siku 30 kwa kila hatua 10, na muda ambao kadi iko njiani hauhesabiwi kwa yeyote. Ikiwa hatua ijayo ya mpinzani ni dhahiri, unaweza kuandika kwa masharti: ukicheza hivi, nitajibu hivi. Sharti moja lililoandikwa vizuri linaokoa safari nzima ya kadi. Likiandikwa ovyo linakufunga, kwa maana hulifuti tena likishapigwa muhuri.

Mchezo wetu wa sasa ulianza 3234 5755, kisha 2133 7866, 7273 4745, 3445 6645. Kwa maneno ya kawaida: farasi wangu yuko c3, wake alikwenda f6, nikamsogeza askari wa g hatua moja, akajibu kwa kumpeleka askari wake d5, tukabadilishana askari, na farasi wake akakaa katikati pale d5. Atakayeugeuza ubao ataona kwamba hii ni sura ya Ulinzi wa Kisisilia, ambao kwa kawaida ni jibu la mwenye nyeusi, ila aliye upande wa Sisilia ni mwenye nyeupe, naye ana hatua moja ya ziada. Nikamweka askofu g2, naye, akijua kwamba farasi wa d5 amelengwa na kete mbili, akamrudisha b6. Baadaye sote tuliwahifadhi wafalme, nikawasogeza askari wa d na wa a hatua mojamoja, yeye akamtoa askofu wake e6, nami nikampeleka askari wa b hadi b4.

Hapo ndipo naomba msomaji asimame kidogo. Hatua hiyo ya b4 iko pembeni mwa ubao, na mtu wa haraka ataiona haina maana. Tishio lake ni kusonga tena hadi b5, kumfukuza farasi wake wa pili, aliye c6, na farasi huyo ndiye anayemlinda askari wa e5 aliye katikati. Kwa maneno mengine, askari wa pembeni amelishambulia jengo la katikati kwa kumwondoa mlinzi wake. Rafiki yangu aliliona hilo, akamsogeza askari wa f hatua moja, 6766, ili e5 iwe na mlinzi wa pili. Hatua nzuri, ila imefungua mwanya kidogo mbele ya mfalme wake. Mimi nikamleta askofu wa pili e3, akacheza hatua ya malkia, nikaihamishia ngome safu ya c iliyobaki bila askari wangu, na sasa nakusudia kumpitisha farasi e4 hadi c5, nyumba inayolindwa na yuleyule askari wa b4. Hakuna kete iliyoliwa tangu wale askari wawili wa mwanzo. Hata hivyo kila kadi inayofika inanikalisha mbele ya ubao jioni nzima, na sijaona woga wowote ndani yake, wala kwake wala kwangu.

Nije kwenye kompyuta, ambako mwandishi wenu ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba shirikisho la kimataifa la sataranji ya barua, ICCF, lililoanzishwa mwaka 1951, linaruhusu wachezaji kutumia programu za kompyuta, na kwamba tangu mwaka 2004 michezo yake mingi inapita kwenye mtandao wake badala ya posta. Ni kweli pia kwamba katika fainali za ubingwa wa dunia za miaka ya karibuni karibu michezo yote huisha sare, kwa sababu pande zote mbili zina mashine isiyokosea kirahisi. Kuna kejeli ndani yake: Hans Berliner, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa tano wa dunia wa sataranji ya barua mwaka 1968, ndiye aliyekuja kuongoza ujenzi wa HiTech, mojawapo ya kompyuta za sataranji zilizokuwa na nguvu zaidi katika miaka ya 1980. Bingwa wa barua alishiriki kuitengeneza ile mashine inayodaiwa kuzika barua.

Lakini ubingwa wa dunia si mchezo mzima, kama ambavyo fainali ya Kombe la Dunia si soka yote inayochezwa kwenye viwanja vya vumbi. Chama cha sataranji cha Marekani kinakataza programu katika mashindano yake ya barua. Tovuti kubwa za sataranji zina michezo ya siku kadhaa kwa hatua ambamo vitabu vya ufunguzi vinaruhusiwa na mashine zinakatazwa. Na watu wawili wanaoheshimiana wanaweza kukubaliana wenyewe, kama tulivyofanya mimi na huyo wa Muscat. Udanganyifu unawezekana, sikatai. Unawezekana vilevile, tena kwa urahisi zaidi, katika michezo ya dakika tatu ya kwenye simu, na sijasoma katika gazeti lenu kwamba michezo hiyo imekufa.

Hapa hoja zangu mbili zinakutana. Katika sataranji ya barua vitabu vimeruhusiwa tangu zamani, na kwa wale wanaofungua kwa askari wa mfalme zipo njia zilizochambuliwa hadi hatua ya 20 na zaidi, kiasi kwamba wachezaji wawili wanaweza kupelekeana kadi kwa muda mrefu sana wakinakili tu kazi za watu wengine. Ufunguzi wa Kiingereza nao una vitabu vyake vinene, lakini mpangilio uleule unafikiwa kwa kufuata hatua tofauti, na mapema kabisa mchezaji analazimika kujiuliza anataka nini: ashambulie upande wa malkia, afungue katikati kwa d4, au asubiri. Maswali hayo hayana jibu moja la kukariri. Mtu mwenye siku tatu za kufikiri na asiye na mashine anapata hapo kazi inayomstahili, na ndiyo sababu ninaamini kwamba ufunguzi wa pembeni unaifaa sataranji ya barua kuliko unavyoufaa mchezo wa saa.

Upo pia upande wa waliotengwa na umbali. Paul Keres wa Estonia, aliyekuja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa karne ya 20, alikulia katika mji mdogo wa Pärnu ambako wapinzani wa kumtosha hawakuwepo. Akageukia barua, na inaelezwa kwamba wakati mmoja alikuwa na michezo ipatayo 150 kwa mpigo. Huku kwetu wapo vijana wengi wenye vipaji katika wilaya ambazo hazina klabu wala mwalimu wa sataranji, na nauli ya kwenda mashindanoni Dar es Salaam au Nairobi ni mzigo kwa wazazi wao. Barua, hata ikiwa ni ujumbe wa simu wenye tarakimu nne, inawafikia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni moja. Gazeti lenu lianzishe mchezo kati ya msomaji mmoja na wasomaji wengine wote, hatua moja kwa juma. Si jambo geni: mwaka 1999 bingwa wa sataranji Garry Kasparov alicheza kupitia intaneti dhidi ya dunia, saa 24 kwa kila hatua, wakashiriki zaidi ya watu 50,000 kutoka nchi zaidi ya 75, na mchezo ukachukua miezi minne na hatua 62 kabla ya Kasparov kushinda. Sisi hatuhitaji idadi hiyo. Inatosha wasomaji watume hatua wanayoipendekeza pamoja na sentensi moja au mbili za sababu, dawati lenu la michezo lihesabu kura hadi siku moja kabla ya kwenda mitamboni, na gazeti lichapishe hatua iliyopata kura nyingi, picha ya ubao, na sababu iliyoelezwa vizuri kuliko zote, hata kama hatua yake haikushinda. Ningependekeza pia kwamba sababu za wanafunzi wa shule zipewe kipaumbele, na kwamba mashine zikatazwe kwa maneno yaliyo wazi tangu tangazo la kwanza.

Ikiwa hamtapata mtu mwingine wa kukaa upande wa pili, niko tayari kucheza na kete nyeupe, na mwandishi wenu wa michezo anakaribishwa kuwaongoza wasomaji upande wa nyeusi. Hatua yangu ya kwanza ni 3234.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro